Maisha ya Arsinoe, Malkia wa Misri

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia jina la Cleopatra, malkia wa mwisho wa Misri, aliyekufa mwaka 30 K.K., yaani kabla ya kuzaliwa Kristo. Lakini ni wachache wajuao habari za malkia mwingine wa ukoo ule ule, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 200, jina lake Arsinoe. Twaona vema kuzieleza habari zake katika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maisha yake yalikuwa na mageuko makubwa: aliolewa mara tatu, na waume wote watatu walikuwa wafalme, alikimbia mji wake amevaa matambara, wanawe wawili waliuawa mbele ya macho yake, kisha akarudi kwao, akawa malkia wa nchi iliyosifiwa kwa utajiri wake. Ya pili ni kwamba taabu zake karibu zote zilitoka katika jambo moja, ambalo kila mtawala na kila mwenye nyumba yampasa kulifikiri angali hai. Jambo hilo ni urithi: ni nani atakayeshika mahali pa baba, na je, wenziwe wamelijua neno hilo na kulikubali kabla baba hajafa?

Dola isiyokuwa na mrithi

Mwaka 323 K.K. Alexander, mfalme wa Makedonia, ambaye Waarabu humwita Iskandar, alifariki katika mji wa Babeli. Alikuwa hajatimiza miaka 33, naye alikuwa amekwisha kuzishinda nchi zote tangu Uyunani, ambayo sasa huitwa Ugiriki, hata mipaka ya Bara Hindi. Hakuacha mrithi awezaye kutawala. Alikuwapo ndugu yake wa baba mmoja, ambaye akili zake zilikuwa dhaifu, na mtoto wake aliyezaliwa baada ya baba kufa. Wote wawili walitawazwa, na wote wawili waliuawa. Ndipo majemadari wake wakagawana nchi kama watu wagawanao nyama, wakapigana wao kwa wao zaidi ya miaka 40.

Katika majemadari hao watatu yafaa tuwakumbuke. Ptolemy alitwaa Misri. Seleucus alitwaa Babeli na nchi kubwa za Asia. Lysimachus alitwaa Thrace, nchi iliyo mashariki ya Makedonia na kaskazini ya bahari, na baadaye sehemu kubwa ya Asia Ndogo na Makedonia yenyewe. Hao wote walikuwa Wamakedonia, lugha yao Kiyunani, nao walitawala watu wa kabila nyingine na lugha nyingine. Kwa muda walijiita maliwali, lakini yapata mwaka 305 K.K. kila mmoja alikuwa amekwisha kujiita mfalme.

Nyumba mbili za mfalme Ptolemy

Arsinoe alizaliwa yapata mwaka 316 K.K. Baba yake alikuwa Ptolemy huyo wa Misri, na mama yake Berenice. Mfalme alikuwa na mke mwingine aliyeolewa kabla ya Berenice, jina lake Eurydice, binti wa mtu mkubwa sana wa Makedonia. Berenice mwenyewe alikuwa mjane na jamaa ya Eurydice, naye alifika Misri katika msafara wake. Mfalme akampenda, akamwoa, na nyumba ya pili ikawa na nguvu kupita ya kwanza.

Eurydice alikuwa na mwana mkubwa, jina lake Ptolemy kama baba yake, ambaye watu walimpa jina la Keraunos, maana yake Radi, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hasira na wa kutenda. Berenice naye alikuwa na mwana, aliyezaliwa mwaka 308 K.K., naye pia aliitwa Ptolemy. Watu wengi walidhani mwana wa mke wa kwanza ndiye atakayerithi. Lakini mwaka 285 K.K. mfalme, hali amekwisha kupita umri wa miaka 80, alimchagua mwana wa Berenice, akamketisha kitini pamoja naye. Alipokufa miaka michache baadaye, Misri haikuingia vitani kwa ajili ya urithi. Katika hilo alifanya busara kupita wenziwe wote. Hata hivyo hakumwekea Keraunos mahali pa kukaa kwa heshima. Mwana huyo akatoka katika nchi ya baba yake na uchungu moyoni, akazunguka katika nyumba za wafalme wengine akitafuta ufalme. Tutamwona tena.

Jambo jingine tulitaje kwa ajili ya walimu. Mji mkuu wa Misri wakati huo ulikuwa Iskanderia, na mfalme aliwakusanya huko wataalamu wa kila namna. Mmoja wao, Strato wa mji wa Lampsacus, alimfundisha mrithi wa ufalme. Na katika orodha ya maandiko yake zimetajwa barua alizomwandikia Arsinoe. Basi twajua ya kuwa binti huyu wa mfalme aliandikiana na mtaalamu mkubwa kuliko wote waliochunguza mambo ya asili siku zile. Hakulelewa apambwe na kuozwa tu.

Mke wa Lysimachus

Yapata mwaka 300 K.K. Arsinoe aliozwa kwa Lysimachus wa Thrace. Binti alikuwa na miaka kama 16, na mume amekwisha kufikia 60. Ndoa hiyo ilikuwa mkataba wa wafalme wawili waliomwogopa wa tatu, yaani Seleucus. Arsinoe alimzalia mumewe wana watatu: Ptolemy, Lysimachus na Philip. Mfalme alimpa miji na mapato yake, ukiwamo mji wa Cassandreia katika Makedonia na mji wa Heraclea ulio pwani ya Bahari Nyeusi. Mji wa Efeso katika Asia Ndogo, ambao wasomaji wa Biblia waujua vema, aliubadili jina akauita Arsinoeia kwa heshima ya mkewe.

Lakini Lysimachus alikuwa na mwana mkubwa kwa mke mwingine, jina lake Agathocles, mtu mzima, jemadari hodari, apendwaye na askari. Tena mke wa Agathocles alikuwa Lysandra, binti wa Eurydice. Wasomaji na waangalie jambo hili kwa makini. Mabinti wawili wa Ptolemy, mmoja wa nyumba ya Eurydice na mmoja wa nyumba ya Berenice, sasa wako katika nyumba moja ya ugenini, huyu mke wa baba na huyu mke wa mwana, na kila mmoja ana watoto. Ugomvi uliokuwa Misri ulivuka bahari pamoja nao. Kisha akaja Keraunos mwenyewe, ndugu yake Lysandra, akapokewa nyumbani mwa Lysimachus.

Arsinoe aliweza kuhesabu. Mumewe ni mzee. Akifa, Agathocles atatawala, na wana wa mama wa kambo watakuwa katika hatari. Lysandra naye aliweza kuhesabu vivyo hivyo. Mfalme alikaa kimya. Yapata mwaka 283 K.K. Agathocles alisingiziwa kwamba anataka kumpindua baba yake, na baba akaamuru auawe. Waandishi wa kale wengi humtia Arsinoe hatiani, lakini hawapatani katika namna ya jambo lenyewe: mmoja ataja sumu, mwingine ataja upanga wa Keraunos, mmoja asema Arsinoe aliogopa kwa ajili ya watoto wake, mwingine asema alikuwa amemtamani Agathocles akakataliwa. Wengi wao waliandika miaka mingi baadaye, walipokuwa wamekufa wote waliokuwapo.

Matokeo yake hayana shaka. Lysandra alikimbia na watoto wake, akaenda kwa Seleucus kumwomba alipize kisasi. Wakubwa wengi wakamwacha mfalme aliyemwua mwanawe. Philetaerus, mlinzi wa hazina ya talanta 9,000 katika ngome ya Pergamo, akamwasi na kujiweka upande wa Seleucus. Mwaka 281 K.K. majeshi yakakutana mahali paitwapo Corupedium, karibu na mji wa Sardi. Wafalme wote wawili walikuwa wazee waliopita miaka 70, wa mwisho katika majemadari wa Alexander. Lysimachus akauawa vitani, na ufalme wake ukavunjika kwa siku moja.

Kukimbia Efeso

Arsinoe alikuwa Efeso habari zilipofika. Mara watu wa upande wa Seleucus wakafanya ghasia mjini, wakafungua malango na kumtafuta malkia wamwue. Mwandishi mmoja wa kale, Polyaenus, ametuachia habari ya jinsi alivyookoka. Arsinoe alimvika kijakazi wake nguo za kimalkia, akampakia katika machela, akaweka walinzi pande zote, machela ikatoka kwa mlango mmoja. Yeye mwenyewe akavaa matambara, akajipaka taka usoni, akatoka kwa mlango mwingine, akashuka pwani penye merikebu zake. Jemadari mmoja aitwaye Menecrates akaishambulia machela, akamwua aliyekuwa ndani, akidhani amemwua malkia. Merikebu zikatweka.

Hila hiyo imesifiwa katika kitabu cha mwandishi huyo kama werevu wa vita. Sisi twaongeza neno moja tu. Jina la Arsinoe limeandikwa katika mawe na fedha za nchi nyingi. Jina la kijakazi aliyekufa kwa ajili yake hakuna aliyeliandika. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Kiapo cha Keraunos

Seleucus hakuifurahia ushindi wake. Mwaka huo huo wa 281 alipovuka kuingia Thrace, Keraunos, ambaye alikuwa amempokea kama mgeni wake, alimchoma kisu akafa. Kisha akajitokeza mbele ya jeshi, akatangazwa mfalme wa Makedonia. Lakini Arsinoe alikuwa amejifungia katika mji wake wa Cassandreia pamoja na wanawe, na wana hao walikuwa na haki ya kudai kiti cha baba yao. Keraunos hakuona raha maadamu wako hai.

Basi akatuma wajumbe, akataka kumwoa Arsinoe, ingawa alikuwa ndugu yake kwa baba. Akaahidi ya kuwa wana wake watashiriki ufalme. Arsinoe hakuamini, akamtuma mtu wake akasikie kiapo. Keraunos akampeleka katika hekalu la zamani, akashika madhabahu na sanamu za miungu, akaapa kwamba anamtaka kwa moyo safi, kwamba hatakuwa na mke mwingine juu yake, wala warithi wengine ila wana wake. Mwana mkubwa wa Arsinoe, Ptolemy, akamwambia mama yake kwamba ni udanganyifu. Mithali yetu husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu; lakini safari hii neno la kweli lilikuwa kinywani mwa kijana, na mkuu ndiye asiyelisikia.

Arusi ikafanywa kwa fahari, na mbele ya jeshi Keraunos akamvika Arsinoe taji. Arsinoe akafurahi, akamwalika mumewe mjini Cassandreia. Mji ukapambwa, na wanawe wawili wadogo, Lysimachus aliyekuwa na miaka 16, na Philip mdogo wake, wakatoka kumlaki wamevaa mataji ya maua. Keraunos akawabusu. Alipofika langoni tu, akaamuru ngome ishikwe na vijana wauawe. Wakamkimbilia mama yao, wakauawa mikononi mwake. Arsinoe akatolewa mjini nguo zimeraruka, asipewe hata ruhusa ya kuwazika wanawe, akaenda kisiwa cha Samothrake, mahali patakatifu palipokuwa kimbilio la wenye taabu.

Keraunos hakutawala hata miaka miwili. Mwaka 279 K.K. Wagalatia, watu wa kabila lile ambalo baadhi yao walihamia baadaye Asia Ndogo, waliingia Makedonia kwa vita. Akawadharau, akatoka kupigana kabla jeshi lake halijakusanyika lote, akauawa, na kichwa chake kikachukuliwa juu ya mkuki. Ptolemy, mwana aliyetoa onyo, aliokoka. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ndiye Ptolemy mwana wa Lysimachus aliyepewa baadaye kuutawala mji mdogo wa Telmessos, ambao watu wake walimwandikia jiwe la shukrani kwa sababu aliwapunguzia kodi walipokuwa wamechoshwa na vita.

Malkia katika nchi ya baba yake

Baada ya hayo Arsinoe alirudi Misri, ambako mdogo wake wa tumbo moja, Ptolemy wa Pili, alikuwa akitawala. Mfalme huyo alikuwa na mke aliyeitwa pia Arsinoe, binti wa Lysimachus, naye amezaa watoto watatu. Mke huyo alishitakiwa kwamba amefanya njama juu ya mfalme, akapelekwa mbali katika mji wa Koptos, kusini mwa Misri. Kisha, kabla ya mwisho wa mwaka 273 K.K., mfalme akamwoa dada yake.

Jambo hilo ni mwiko kwetu, na Wayunani nao waliliona kuwa mwiko. Mshairi mmoja, Sotades, alimdhihaki mfalme kwa maneno machafu; yasemwa alikamatwa, akafungiwa katika chombo cha risasi, akatoswa baharini. Lakini Wamisri wenyewe walikuwa na habari za miungu yao, Isis na Osiris, waliokuwa ndugu na mume na mke, tena baadhi ya mafarao wa kale walioa dada zao. Mfalme alipata faida nyingine pia: hakuna mfalme wa nje atakayekuwa mkwe na kudai neno katika nchi yake. Arsinoe akapewa jina la Philadelphus, maana yake Ampendaye Ndugu.

Katika Misri Arsinoe alionekana katika kazi za serikali. Jiwe lililopatikana mahali paitwapo Pithom, karibu na mpaka wa mashariki, lasema kwamba mwaka 273 K.K. mfalme alikwenda huko pamoja na dada yake, aliye mke wake, kushauriana jinsi ya kuilinda Misri na wageni. Maana wakati huo kulikuwa na vita na mfalme wa Shamu. Jiwe jingine, lililoandikwa Athens baada ya kufa kwake, lasema kwamba mfalme Ptolemy aufuata mwendo wa wazee wake na wa dada yake katika kuutunza uhuru wa Wayunani. Si kawaida serikali ya mji mkubwa kutaja mawazo ya mwanamke katika mkataba wa vita, na tena amekwisha kufa.

Tena alishinda katika michezo mikubwa ya Olympia. Magari yake ya farasi yalishinda mashindano yote matatu ya magari katika mkutano mmoja. Habari hiyo imejulikana kwa mashairi ya Posidippus, yaliyoandikwa juu ya karatasi ya mafunjo iliyotumiwa zamani kufunikia maiti, nayo ikapigwa chapa huko Italia mwaka 2001.

Bandari, tembo na mashamba

Siku za mfalme huyu Misri ilinyosha mkono kusini kwa njia ya Bahari ya Sham. Bandari zikajengwa na kupewa majina ya watu wa nyumba ya mfalme: Berenice kwa jina la mama yake, na Arsinoe zaidi ya moja kwa jina la dada yake. Mtu mmoja aitwaye Eumedes alitumwa mbali zaidi, mpaka pwani ambayo leo ni ya Sudan, akajenga mji wa Ptolemais wa kuwindia tembo. Tembo walikamatwa hai, wakapakiwa katika merikebu zilizofanywa maalum, wakaletwa Misri kufundishwa vita. Katika karne zilizofuata mabaharia waliendelea kuzijua pwani za kusini, hata katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanya biashara mmoja wa Misri aliandika kitabu cha safari kinachotaja pwani yetu ya Afrika ya Mashariki na soko la Rhapta.

Ndani ya nchi, kazi kubwa ilifanywa katika bonde la Fayum, magharibi ya mto Nile. Mifereji na maboma ya maji yalitengenezwa, maji ya ziwa yakapunguzwa, na nchi iliyokuwa matope ikawa mashamba ya ngano, mizabibu na mizeituni. Askari wa Kiyunani walipewa mashamba huko wakae na kulima. Jimbo lote likaitwa kwa jina la Arsinoe, na mji mmoja mpya ukaitwa Philadelphia.

Mji huo wa Philadelphia umetuachia hazina. Waziri wa fedha wa mfalme, Apollonios, alipewa huko shamba la aroura 10,000, yapata eka 6,800, na msimamizi wake, Zenon, alizitunza barua zake zote. Karibu 2,000 zimepatikana katika mchanga. Ni za miaka iliyofuata baada ya kufa Arsinoe, nazo zatuonyesha nchi jinsi ilivyoonekana kwa macho ya walio chini. Katika mwaka 257 K.K. wakulima wa Kimisri waliokuwa wameletwa kutoka jimbo jingine walimwandikia Apollonios kwamba makosa mengi yanafanyika katika shamba lake, kwa kuwa hakuna asimamiaye ajuaye kilimo, nao wakaomba wasikilizwe. Mtu mwingine, aliyeajiriwa kwa kazi ya ngamia, alimlalamikia Zenon kwamba hapewi mshahara wake, na akipewa hupewa divai mbovu, nao humdharau kwa sababu yeye si Myunani. Aliomba alipwe kwa wakati, asije akafa njaa kwa ajili ya kutojua mwendo wa Kiyunani. Barua hizi zimedumu zaidi ya miaka 2,200, na kila asimamiaye watu wa lugha isiyo yake atafaidika akizifikiri.

Kufa kwake na heshima aliyopewa

Arsinoe alifariki mwaka 270 K.K., umri wake yapata miaka 46. Mfalme aliishi miaka mingine 24, wala hakuoa tena. Akaamuru sanamu ya dada yake iwekwe katika mahekalu yote ya Misri, kila mji karibu na mungu wake wa zamani, hata Wamisri na Wayunani wakamwabudu pamoja. Katika Iskanderia kila mwaka alichaguliwa binti mmoja wa nyumba kubwa kuwa kuhani wake na kuchukua kikapu cha dhahabu katika maandamano. Na jina la binti huyo liliandikwa juu ya mikataba na hati za mwaka ule, desturi iliyodumu zaidi ya miaka 100. Mabaharia walimwomba awape bahari shwari.

Heshima hiyo ilikuwa na gharama, na gharama ililipwa na mkulima. Tangu mwaka 263 K.K. kodi ya mizabibu na bustani za matunda, ambayo kwa wengi ilikuwa sehemu moja katika sita ya mazao, iliwekwa kwa ajili ya ibada ya Arsinoe, nayo ikakusanywa na watu wa serikali. Hivyo jina la malkia lilijulikana hata kwa mtu asiyepata kuiona Iskanderia, kila mwaka alipopimiwa divai yake.

Mafunzo ya somo hili

Tukitazama maisha haya tangu mwanzo hata mwisho, twaona nyumba tatu zilizofikwa na swali lile lile. Alexander hakuweka mrithi, na dola yake ikararuka. Lysimachus alikuwa na wana kwa mama mbalimbali, akanyamaza mpaka hofu ikawatawala watu wa nyumba yake; kisha akamwua mwana aliye bora, akapoteza ufalme na uhai. Ptolemy wa Kwanza alitangaza mrithi wake mbele ya watu angali na nguvu, na nchi yake ikakaa salama. Lakini mwana aliyenyimwa hakupewa fungu wala shughuli ya heshima, na uchungu wake ukawaua wajukuu wa Ptolemy huyo huyo katika nchi ya mbali. Basi kutangaza mrithi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwapa wale wengine mahali pao, na kuwafanya waliozaliwa na mama mbalimbali wajuane kuwa ndugu.

Jambo hilo la mwisho lilifanywa Misri mwishowe. Watoto wa mke aliyefukuzwa walihesabiwa kuwa watoto wa Arsinoe, na mmoja wao, Ptolemy wa Tatu, aliyepata kiti mwaka 246 K.K., alijiandika katika mawe yake kuwa mwana wa Ptolemy na Arsinoe. Mama yake mzazi hakutajwa. Kwa hiyo hata amani hiyo ilikuwa na mtu aliyeilipia kwa kimya chake.

Pia na tukikumbuke kiapo. Keraunos aliapa kwa miungu, akishika madhabahu, na shahidi akiwapo. Lakini shahidi alikuwa mtumishi asiyekuwa na nguvu ya kumzuia. Hapakuwa na baraza la wazee wala sheria ambayo ingemwuliza mfalme habari ya neno lake. Kiapo cha mwenye nguvu kwa asiye na nguvu chahitaji watu wengine wenye nguvu wa kukishuhudia. Arsinoe, pamoja na elimu na werevu wake wote, aliyajua hayo alipokuwa amekwisha kuwapoteza wana wawili.